Niachie

Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja. Mimi nilikuwa nimemwandikia maelezo marefu ya kumchosha hata hakimu, nikayafuta, nikayaandika upya, nikaomba radhi kwa urefu wake, nikatuma. Yeye akajibu: "Niachie."

Nilikuwa chumba cha mashuka, nyuma ya wodi ya wazazi, nimejificha kwa dakika zangu tano za chai. Nililisoma lile neno nimesimama, nikalisoma nimekaa juu ya furushi la mashuka safi, nikaigeuza na simu kana kwamba upande wa nyuma kungekuwa na maelezo zaidi. Hakukuwa na kitu.

Ngoja nieleze nilichomwandikia, usije ukaniona mwepesi wa machozi. Nilimwambia kwamba Mama amekataa. Nilikuwa nimemweleza Mama habari zetu akiwa kwenye cherehani, na hata mguu hakuutoa kwenye pedali. "Ana miaka mingapi?" aliniuliza. Nikamtajia. Akapiga hesabu, akapata kwamba nimemzidi kijana wa watu miaka minne. "Mimi naomba mkwe," akasema, "wewe unaniletea mtoto wa pili wa kulea. Tena dereva." Nikamwambia si dereva tu, ni mkufunzi wa madereva. "Basi ndiyo mbaya zaidi. Huyo anawazalisha!" Hayo yote nilimwandikia. Nikamwandikia pia kwamba Mjomba wangu anakuja Jumapili kuchukua jibu langu la mwisho, kwamba nimechoka kumtetea kwa watu wasiotaka kusikia, na kwamba sijui niwaambie nini. Nikamalizia kwa kumuuliza: mpenzi, tufanye nini?

Niachie.

Angesema "niache," ningejua ni hasira, na hasira hupoa. Lakini niachie? Hilo ni neno la mtu aliyeshikwa shati. Mtu anataka kwenda zake, wewe umemkamata kola, anakuomba kistaarabu umwachie apite. Nikajiona mimi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mkunga mwenye heshima zangu, nimemng'ang'ania mtu mpaka anaomba kuachiwa. Aibu ilinishika kabla hata ya uchungu.

Nikajifuta uso kwa foronya. Nikamjibu, "Sawa." Kisha nikarudi wodini, kwa sababu mama wa kitanda namba nne hakuwa na habari na mapenzi yangu.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne akanitumia ujumbe: "Umekula?" Jumatano: "Lala mapema." Alhamisi, saa sita mchana, nikiwa na glavu mikononi, simu ikatetemeka mfukoni. Nilipokuja kuisoma: "Nakuwaza." Sasa nikachanganyikiwa kabisa. Mtu amekuomba umwachie Jumatatu, Alhamisi anakuwaza. Anawaza nini? Kama amenitupa, si anitupe moja kwa moja? Sikumjibu hata mara moja. Nilikuwa namwachia, si ndivyo alivyotaka?

Kazini kwake wanamwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake kuu. Nilimfahamu wiki tisa kabla ya hapo, hospitali ilipopata gari jipya la kupeleka kliniki kwenye zahanati zilizoko mbali na barabara. Ni gari refu jeupe, linavuta kwa magurudumu yote manne, fowili kama wanavyoliita watu. Ilitangazwa kwamba atakayeongoza kliniki hiyo lazima awe muuguzi, na lazima awe na cheti cha kuendesha fowili, leseni ya kawaida haitoshi. Kisa chake kinajulikana. Gari la zamani liliendeshwa na mtu mwenye leseni ya kawaida, akaingia nalo mtoni bila kushuka kupima maji, likalala ubavu. Sista aliyekuwa ndani alirudishwa amelazwa juu ya mlango wa gari, wameubeba watu sita. Mama alikuwa amekuja hospitali siku hiyo kuleta sare alizoshona. Alimwona kwa macho yake.

Mimi niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Miaka minane nimepokea akina mama wanaofika kwetu wamechelewa, na nimechoka kusikia neno "wamechelewa." Nikajiandikisha chuo cha udereva, na siku ya kwanza nikamkuta Taratibu amesimama mbele ya gari kwenye tope, redio ya mkononi mdomoni, ananiongoza kwa neno moja moja. "Simama." "Kushoto." "Nyoosha." "Achia." Ndivyo wanavyofundishwa kusema, kwa sababu dereva aliyeingiwa na woga hana nafasi ya sentensi kichwani. Ubaya wake ni kwamba mazoea hayo huyabeba mpaka nyumbani.

Siku ya tatu nilikwama. Aliniambia nishuke, tuikague njia kwa miguu. "Gari lina macho mawili tu," akasema, "na yote ni taa. Wewe ndiye unayeona." Tukatembea bega kwa bega, viatu vimezama, akinionyesha wapi tairi lipite. Nilipoinua uso kumuuliza swali nilimkuta haangalii njia, ananiangalia mimi. Aligeuka haraka, akajikwaa kwenye jiwe alilokuwa ametoka kunionya nalo. Tulicheka mpaka Mkuu wa chuo akachungulia dirishani. Nadhani nilimpenda hapo, ingawa nilijikatalia kwa wiki mbili zilizofuata.

Basi Ijumaa ya mtihani ikafika. Mtahini aliyepangiwa kunipima alikuwa yeye huyo huyo, na jina langu lilitakiwa kufika hospitali na cheti chake kabla ya saa kumi alasiri. Lisipofika, nafasi inakwenda kwa kaka mmoja wa chumba cha sindano, ambaye cheti anacho tayari. Niliingia uwanjani nimevaa suruali ya kazi na uso wa mbao.

Nilimkuta anakagua matairi. Aliponiona alitabasamu tabasamu pana la mtu asiye na dhambi hata moja duniani.

"Sista wangu! Umelala?"

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Tabasamu likayumba. Nani humwamkia shikamoo mtu mdogo kwake kwa miaka minne? "Shikamoo tena? Uko sawa?"

Nikatoa mfukoni kile kipima upepo cha matairi alichonipa siku nilipofaulu zoezi la kupita mchangani. Nilikuwa nimekisugua kikang'aa, ili asije akasema nilikitunza vibaya. Nikamkabidhi mkononi bila kumgusa. "Nakurudishia."

Nilitegemea atetemeke hata kidogo. "Oh, asante!" akasema. "Changu nimekisahau nyumbani." Akainama, akaanza kupimia tairi la nyuma.

Nilisimama pale nikitazama kisogo chake. Nilitaka kukipiga. Nilitaka pia kukishika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Mkuu wa chuo ni mama mtu mzima, miwani yake huning'inia kifuani kwa kamba, na hajawahi kuonekana akikimbia. Alikuwa na fomu yangu ya mtihani mkononi.

"Sista, njoo hapa. Mtahini wako amejitoa asubuhi ya leo. Nitakutahini mimi."

"Amejitoa kwa nini?"

"Kuna swali hapa juu. Mtahini ana undugu, uchumba au biashara na mtahiniwa? Ameandika ndiyo. Ameandika," akavaa miwani, "mchumba. Nawe unatakiwa kuthibitisha. Ni kweli?"

Mchumba? Huyu aliyeomba kuachiwa? Nilimtazama kule kwenye matairi, ananipungia mkono. Nikaona ananidhihaki mbele ya mkubwa wake. "Si kweli," nikasema.

Mkuu alivua miwani. "Mimi niko hapa miaka kumi na tisa. Nimeona watu wakikana undugu ili wapate mtahini wao. Sijawahi kuona mtu akimkana mchumba aliyekwisha kujitoa. Mmoja wenu ananidanganya kwenye fomu ya mtihani, na mtihani hauanzi mpaka fomu iseme kitu kimoja. Ingieni darasani. Nawapa dakika kumi. We Taratibu! Njoo!"

Darasa lilikuwa tupu. Ubaoni bado palikuwa na mchoro wake wa gari likishuka mlima, mishale kila upande. Alifunga mlango, akabaki amesimama nao mgongoni.

"Umemwambia nini Mkuu?" akauliza.

"Ukweli. Na wewe umeandika nini?"

"Ukweli."

Tukatazamana. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, ya mtu aliyekosa usingizi, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona na yeye ana mzigo.

"Uchumba gani, Taratibu," nikasema, "na wewe ulishaniambia nikuachie?"

"Na wewe ukasema sawa."

"Ulitaka nisemeje? Nikushike kwa nguvu? Nikufunge kwa waya wa winchi nikuvute?"

"Unishike? Subiri kidogo. Taratibu..."

"Usiniambie taratibu!"

Nikamwona anahesabu kichwani, siku moja moja, kama anavyohesabu nati za gurudumu. Kisha akaketi juu ya dawati la mbele.

"Uliniuliza tufanye nini," akasema polepole. "Mama amekataa, Mjomba anakuja, wewe umechoka. Nikakwambia niachie. Yaani hilo suala niachie mimi, wewe soma mtihani wako. Ndiyo maana yake."

"Hilo 'suala' liko wapi?"

"Liko..."

"Hilo 'mimi' liko wapi? Nionyeshe! Simu hii hapa!"

"Nilikuwa na mwanafunzi amezama kwenye matope, Sista. Nimeshika redio mkono mmoja."

Nilianza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, nikawa sijui nifute nini. "Siku nne," nikamwambia. "Siku nne nalilia foronya za wagonjwa."

"Na mimi siku nne najisifu," akasema. "Najiambia, nimepata mwanamke ananiamini. Namwambia niachie, anasema sawa, hata swali moja haulizi. Nakuandikia hujibu, nasema anasoma."

"Na kipima upepo?"

"Kile umenirudishia... ulikuwa unaniacha?"

"Nilikuwa nakuacha."

"Nikasema asante," akasema kwa sauti ndogo, akajishika kichwa.

Nilimsogelea. Nilitaka kumkumbatia hapo hapo, mambo yaishe. Lakini kitu kikanizuia, kwa sababu aliponitazama sikuona furaha yote niliyoitegemea.

"Na hilo suala," nikauliza, "ulilifanyaje?"

"Nilikwenda kwa Mama. Juzi Jumatano."

Nikakaa. Mama hakuwa ameniambia neno. Juzi Jumatano niliporudi kutoka kazini nilimkuta anaimba, na nilipomuuliza kulikoni alisema kitambaa cha sare kimeshuka bei.

"Alinipokea vizuri," akaendelea. "Alinipa kiti, akawa anashona. Nikajieleza, nyumbani kwetu, kazi yangu, nia yangu. Akaniuliza kama najua kupika. Nikasema najua. Akaniuliza kama nitakukataza kazi yako. Nikasema hapana, siwezi. Hapo ndipo aliposimamisha cherehani."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kijana, umri nitaumeza. Nitakupa mwanangu. Lakini Ijumaa wewe ndiye unayempima. Mwandikie bado.'"

Kwenye fomu zao hakuna kufeli. Kuna maneno mawili tu mwishoni, "tayari" na "bado," na mtahini anazungushia moja. Mama alikuwa amenifulia suruali hii ya mtihani kwa mikono yake, akijua.

"Alisema kwa nini?"

"Alisema ule mlango. Alisema yule sista juu ya ule mlango alikuwa amevaa sare aliyoshona yeye. Alilia, Sista. Sikujua niangalie wapi."

Nami sikujua. Nilimkasirikia Mama, na papo hapo nikamwonea huruma mpaka nikatamani kumpigia simu. "Ukamjibu nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Taratibu. Ulimjibu nini Mama yangu?"

"Nilimwambia... nilimwambia, niachie, Mama."

Nililaza kichwa juu ya dawati.

"Akasema sawa," akaongeza kwa unyonge. "Akanipa chai."

"Wewe!" nikasema kutoka ndani ya mikono yangu. "Wewe utaniua! Safari hii ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha nitafikiri. Nikatoka pale kichwa kinaniuma. Nikikuandikia bado nakuibia kazi yako. Nikikuandikia tayari, Mama ataona nimemlaghai. Ndiyo nikajitoa. Nilitaka kalamu iwe ya mtu mwingine."

"Kwa hiyo nikifaulu, Mama ataona umemsaliti. Hatakupa mkono wangu."

"Ndiyo."

"Na nikishindwa, nimeolewa."

"Ndiyo."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka vyote viwili."

"Sikuulizi hivyo."

Huko nje mtu alikuwa anajaza upepo tairi, kompresa inanguruma. "Nataka ushuke kile kilima ukiwa mzima," akasema mwishowe. "Mengine nitayalia mwenyewe."

Mlango ukagongwa mara mbili, ukafunguliwa bila kusubiri jibu. "Fomu inasemaje?" akauliza Mkuu.

"Mchumba," nikasema.

"Una hakika?"

"Hakika ya leo, Mkuu."

Aliandika kitu pembeni, sijui nini, akanipa ufunguo.

Sehemu za mwanzo nilizipita bila kuziona. Nilipunguza upepo wa matairi kwa ajili ya mchanga, nikaurudisha. Niliweka jeki juu ya ubao ili isizame, nikafungua winchi, nikavaa glavu, nikalaza blanketi juu ya waya ili ukikatika usimrukie mtu usoni. Nilishuka kwenye bwawa la mazoezi, nikapima kina kwa fimbo kabla ya kuingia. Mkuu alikuwa ananifuata na kalamu yake, hasemi. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi ya wiki tisa na akili yangu iko kwenye cherehani.

Kisha tukafika kwenye kilima. Nakwambia, ukiwa chini unakiona ni rundo la udongo tu. Ukiwa juu, umeketi kwenye usukani, boneti inameza njia yote, unaona mawingu. Unatakiwa uingize gia fupi, ile ya kuvuta polepole, utoe miguu yote miwili, uiweke bapa sakafuni, na uiachie injini ilishushe gari. Ukiingiwa na woga ukakanyaga breki, magurudumu yanajifunga, gari linateleza ubavu. Ndivyo magari yanavyopinduka. Kwenye mtihani ukigusa breki hata kwa ncha ya kidole cha mguu, imekwisha. Mkuu anazungushia bado.

"Umekagua njia?" akauliza.

"Nimetembea yote, Mkuu."

"Ukiwa tayari."

Hapo nikakaa. Macho ya Mkuu, kwenye kiti cha pembeni, yalikuwa juu ya mguu wangu wa kulia, nami nilikuwa nautazama pamoja naye kama mguu wa mtu mwingine. Kugusa tu. Wala hakuna ambaye angejua ni makusudi. Watu kumi na wawili mwaka huu wameshindwa hapa hapa, hata wanaume wa malori. Ningeteremka na machozi ya kweli, Taratibu angenishika, Mama angeimba, Jumapili Mjomba angekuja akute jambo limekwisha. Ningeolewa. Mungu wangu, nilivyokuwa namtaka yule mwanamume! Nilikuwa namwona kwa chini, kando ya uzio, redio mkononi imezimwa, amekataza mdomo wake usinisaidie.

Halafu nikafikiria asubuhi za baadaye. Ameamka kando yangu, anafunga viatu vya kazi, ananiuliza nimelala vipi. Nami ningekuwa nalijua jambo moja kuhusu ndoa yetu ambalo yeye halijui, kila asubuhi, mpaka tuzeeke. Na yule kaka wa chumba cha sindano yuko kwenye gari langu.

Mwili wote ulikuwa umekaza. Mimi ambaye kila siku nawaambia wanawake wasibane, wapumue, watulize mabega! Nikapumua. Nikatuliza mabega. Nikaweka miguu sakafuni, wa kulia na wa kushoto, na kuikandamiza hapo mpaka magoti yakaniuma.

Gari likainama. Mkanda ukanikata begani, kalamu ya Mkuu ikabingirika kwenye dashibodi, injini ikalalamika kwa sauti nzito ya mzee anayeshuka ngazi. Nilikuwa nasema maneno kwa sauti, sijui yapi. Baadaye Mkuu aliniambia nilikuwa nasema, "Nisamehe, Mama," tena na tena, mpaka chini.

Aliiokota kalamu yake sakafuni. Alizungushia neno, akasaini, akapiga muhuri juu ya goti lake. "Tayari," akasema. Kisha, akiwa tayari ameshika mpini wa mlango: "Huyo kijana ni mkufunzi mzuri. Kwa kuandika ujumbe, kwa nilivyosikia mlangoni, sijui."

Taratibu alikuja mbio. Alipoona ile karatasi alirusha mikono juu, akapiga kelele, akanizungusha mpaka kiatu kikanitoka. Halafu nikahisi mikono yake inalegea. Alinishusha chini taratibu, na nikaona usoni mwake amekumbuka.

"Hongera, Sista," akasema. Alimaanisha. Machozi yalikuwa yanamtoka na alimaanisha.

Kabla sijajibu, simu yake ikalia. Alinionyesha kioo. Alikuwa ameliandika jina: Mama. Si Mama wa nani, Mama tu.

"Weka sauti tusikie wote," nikamwambia.

"Kijana, vipi huko?" Sauti ya Mama ilikuwa changamfu. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda.

Taratibu alifunga macho. "Mama, amefaulu. Sikumpima mimi, nilijitoa. Lakini hata ningempima mimi ningempitisha, kwa sababu anaweza. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kukwambia Jumatano. Nikaogopa. Nisamehe."

Cherehani ikanyamaza.

"Mpe mwanangu simu."

"Nipo, Mama."

"Ulikuwa unajua nilichomwomba?"

"Nimejua leo, kabla sijapanda gari."

"Na ukapita."

"Nikapita, Mama."

"Yule aliyempindua sista," akasema, "alikuwa nayo hiyo karatasi?"

"Hakuwa nayo. Wala hakushuka kupima maji. Mimi nimeshuka."

"Mh." Ilikuwa "mh" ambayo nimeishi nayo miaka thelathini na moja na bado sijui kuisoma. "Njoo nyumbani. Peke yako."

Simu ikakatika.

"Amesemaje?" Taratibu akauliza, ingawa alisikia.

"Niende nyumbani."

"Peke yako."

"Peke yangu."

Akatikisa kichwa kukubali, kama anayepokea majibu ya daktari. "Basi nenda. Mimi nita..."

"Wewe utapanda gari."

"Sista, Mama amesema..."

"Mama nimemsikia. Jibu lake silijui, lako silijui, na langu mwenyewe ndiyo kwanza naanza kulisikia. Lakini nimechoka kukueleza kwa watu ukiwa haupo. Tukitoka hospitali kupeleka hii karatasi, tunakwenda nyumbani. Panda."

Akapanda. Kigari changu ni kidogo, magoti yake yalifika kwenye dashibodi. Karatasi tukaifikisha hospitali kabla ya saa kumi, tukashika njia ya nyumbani. Mara moja alinyoosha mkono kuelekea wangu, akaurudisha, akaunyoosha tena, nikaushika kwenye taa nyekundu na kuuachia kwenye kijani.

Mama alikuwa amesimama getini, futi ya kupimia bado iko shingoni. Alikuwa amefungua upande mmoja tu wa geti, wa kupita mtu kwa miguu. Alituangalia kupitia kioo, mimi kwanza, kisha yeye, kisha mimi. Nilizima injini. Taratibu alishusha kioo, akatoa kichwa, akafumbua mdomo, na Mama akainua kidole kimoja kumnyamazisha.

Akatugeuzia mgongo. Nikadhani ndiyo mwisho wetu.

Akainama, akachomoa komeo la chini, akasukuma upande wa pili wa geti kwa bega lake. Sikujua kama alikuwa anatukaribisha au alitaka kutugombeza mbali na masikio ya majirani. Nikawasha gari, nikaingia.